Kalin Alidhani Ameacha Kupenda

"Fungua! Najua umo ndani, Kalin!"

Yana aligonga tena. Simu yake bado ilikuwa na ujumbe wa asubuhi ile: "Tuvunje uchumba. Usinisubiri. Samahani." Samahani ya nini, baada ya miaka minne?

Mlango ukafunguliwa. Kalin, fundi magitaa aliyejulikana mtaa mzima mjini Plovdiv kwa soga zisizokwisha, alisimama na ndevu za wiki tatu.

"Yuko wapi?" Yana akafoka.

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako!"

"Mwanamke? Yana, kuoga tu kumenishinda tangu Jumapili."

Yana akachungulia ndani. Hapakuwa na mtu. Hasira ikamwisha, udadisi ukamshika. Ndiyo kazi yake hata hivyo: kuchunguza seli za ubongo kwenye maabara ya chuo.

"Ni huzuni?"

"Hata si huzuni. Nikishika kijiko, kizito kama nyundo. Nalala masaa kumi na mbili, naamka nimechoka. Mama anasema mimi mvivu."

"Mama amekosea. Sikiliza. Ndani ya seli za ubongo mna vijitanuri, mitokondria. Ndivyo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa wa sonona, inaonekana havifanyi kazi sawasawa."

"Vyangu vimezimika?"

"Sijui. Hatujui hata kama sonona ndiyo inayoviharibu, au kuharibika kwavyo ndiko kunakoleta sonona. Ndicho tunachotafuta."

"Basi nitoe damu, unipime."

"Thubutu! Mchumba si panya wa maabara. Unaenda kwa daktari, nakusindikiza."

Kalin akasema polepole, "Nilidhani nimeacha kukupenda. Jina lako likitokea kwenye simu, sisikii kitu. Nikaona nisikudanganye."

Yana akauliza, "Na sasa?"

"Sijui. Lakini nimefurahi umegonga."

Dawa alizopewa na daktari zilichukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha dalili yoyote ya nafuu, na za kwanza zikabadilishwa. Kila Jumanne Kalin alikwenda kuzungumza na mtaalamu. Mwezi Machi akarudi karakana, nusu siku tu. Siku moja ya Aprili, simu ya Yana ikalia maabara.

"Kalin? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nakaza nyuzi, nikakukumbuka. Yana, nimekukumbuka kweli kweli! Mpaka nimeshtuka."

Yana akaangua kilio mbele ya wenzake, glavu mkononi.

"Unalia? Acha bwana, nina swali. Manispaa wana nafasi ya kufungisha ndoa Jumamosi ya mwisho ya Juni. Niwaambie tunakuja?"

"Waambie tunakuja."

Na walikwenda.