Mto Uliofunguliwa kwa Hasira

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo na kulisha kuku, Linet alifuatana na mama yake, Emily, hadi mwisho wa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, pale mto Mbokweni unapoingia baharini. Walikwenda kukagua chaza. Akina mama wa kijiji chao, kisicho mbali na Kilifi, walikuwa wamejenga vichanja majini na kuning'iniza vikapu vya wavu. Humo walifuga chaza wa kuuzia mahoteli ya Watamu. Zamani Emily alikuwa akiponda kokoto. Vumbi lilimwingia kifuani, akawa anakohoa mchana na usiku, mpaka daktari akamwambia aiache kazi ile. Chaza ndio waliomwezesha kuiacha.

Jumamosi hiyo maji hayakupwa sana. Waliingia hadi kiunoni, Linet akainua kikapu cha kwanza. Nusu ya chaza walikuwa wamekufa, na makombe yao yalikuwa na vitundu vidogo vidogo.

"Nani amewatoboa, mama?"

"Konokono wa baharini. Hawayapendi maji matamu, kwa hiyo mto ukitiririka hawafiki huku. Chaza wanataka maji yaliyochanganyika, ya mto na ya bahari. Sasa hapa ni chumvi tupu."

Linet aliutazama mto. Ulikuwa mchanga mkavu, na kila mtu alijua sababu. Mjomba Kiponda, kaka yake Emily, alikuwa ameuziba huko juu kwa magunia ya mchanga ili apate maji ya kumwagilia nyanya na mchicha. Hakuachia hata tone. Kuwanyima mto mzima watu walio chini yako, akiwamo dada yako wa tumbo moja, ni uchoyo wa kutia kichefuchefu. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na mjomba kama Kiponda.

"Twende tukamwambie sasa hivi afungue," Linet alisema.

"Tutakwenda bamvua likianza. Siku hizi ni maji mafu. Subiri."

Linet alijua kwamba bamvua ni siku za bahari kujaa na kupwa sana, na maji mafu ni siku za kujaa na kupwa kidogo, lakini hakuona ugomvi wa watu unahusiana vipi na mambo hayo. Alidhani mama anamwogopa kaka yake na anatafuta kisingizio. Akamkasirikia na yeye pia, akanuna hadi nyumbani.

Jumapili mvua kubwa ilinyesha bara, bwawa la Kiponda likajaa pomoni. Jumatatu baada ya shule Linet alichukua jembe, akapanda njia ya mtoni peke yake. Shambani hapakuwa na mtu. Alifukua chini ya ukuta, akavuta gunia moja, akavuta la pili, na kabla hajashika la tatu ukuta ukaporomoka wenyewe. Maji yaliteremka kwa kishindo, mekundu kwa udongo. Linet alisimama ukingoni akicheka. Alirudi nyumbani akala ugali kwa hamu, na hakumwambia mtu.

Alhamisi kijiji kizima kilisikia harufu. Horini, maji yalikuwa bado mekundu na tope limejaa vikapuni. Chaza walionusurika na konokono walikuwa wameuawa na maji matamu. Akina mama walikuwa wakiwatupa mikokoni, wengine wakilia, Kiponda alipofika akifoka.

"Nani amebomoa bwawa langu? Nyanya zangu zinakauka."

"Umelibomoa mwenyewe ili utukomoe," Emily alimjibu. "Kwanza ulitunyima, sasa umetuzamisha. Kuanzia leo mimi sina kaka."

"Na mimi sina dada," alisema Kiponda, akageuka aende zake.

Hakuna aliyemwona Linet siku ile bwawani. Angeweza kunyamaza, na mjomba angebeba lawama, na moyoni alijiambia kwamba anastahili. Lakini mama yake alikuwa anampoteza ndugu kwa kosa ambalo ndugu huyo hakulifanya.

"Ni mimi, mjomba," alisema. "Nililibomoa Jumatatu."

Kiponda alisimama. Emily alimtazama bintiye kwa macho makali ambayo Linet hakuwahi kuyaona.

"Si nilikwambia usubiri bamvua?"

"Nilidhani unamwogopa mjomba."

"Wakati wa bamvua bahari huingia kwa nguvu, huchanganyika na maji ya mto na kuyatoa nje. Maji mafu hayana nguvu hiyo. Umeumwaga mto wote mara moja, ukatuama hapa hapa." Emily alishusha pumzi. "Na mimi nilikosea. Nilipaswa kukueleza."

Linet alilia kwa hasira, na safari hii alijikasirikia mwenyewe. Kiponda aliinama, akaokota kombe tupu.

"Mimi niliyafunga yote, yeye akayafungua yote," alisema. "Sioni tofauti yetu, ila mimi ni mtu mzima na nilipaswa kuwa na busara zaidi."

Walilijenga bwawa upya, safari hii pamoja, na chini ya ukuta wakapitisha bomba nene lisilozibwa hata wakati wa kiangazi. Walikubaliana kwamba mvua ikizidi, Kiponda atapunguza maji kidogo kidogo, tena baada ya kumuuliza dada yake hali ya bahari. Linet alibeba mchanga mpaka mabega yakachubuka, na hakuna aliyemwambia pole. Katika vikapu vya mbali, karibu na kina kirefu, walipatikana chaza wachache walio hai. Kwa hao akina mama walianza tena. Lakini chaza hawakui kwa wiki moja, na Emily alilazimika kurudi kuponda kokoto.

Asubuhi ya kwanza, Linet alimkuta mlangoni akijifunga kitambaa puani.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Bado. Na mjomba wako pia nimemkasirikia." Emily alikaza fundo. "Sikukatazi kukasirika, mwanangu. Mto ni wetu sote, na anayedhulumiwa lazima akasirike. Ulisema kweli mbele ya watu, na kwa hilo nakushukuru. Lakini siku nyingine, kabla hujaifungulia hasira yako, uliza kwanza itamwangukia nani. Hii ya juzi imeniangukia mimi."

Akachukua nyundo yake, akaenda kazini.