Kasuku na Presha ya Msusi

Duka la dawa lilifurika mpaka mlangoni. Msusi, gauni la maua na kitambaa cha njano kichwani, alikumbatia boksi la mashine ya presha kwa woga.

"Dada, hiyo haiumi," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa fundi simu wa mtaa wa pili, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Wateja walimwita Kasuku, na hawakumwonea: huyo kaka aliongea hata na feni.

"Inauma roho," akajibu msusi. "Mama yangu aliondoka kwa presha. Sasa daktari kanianzishia vidonge na mimi, anataka niwe napima nyumbani."

"Nipe namba, niwe nakukumbusha."

"Unanitongoza kwenye foleni ya dawa?"

"Kuna pazuri zaidi? Hapa ukinikataa nikazimia, nahudumiwa hapohapo."

Msusi alicheka mpaka muuzaji akageuka. Namba akaitoa.

Basi kila asubuhi mkanda mkononi, simu sikioni.

"Umeshapima, roho yangu?"

"Ndiyo napima. Usinichekeshe!"

Wapi! Alimchekesha. Mapenzi yakanoga, presha nayo ikapanda: kila akipima, zaidi ya mia na hamsini. Asubuhi moja simu ya Kasuku iliisha chaji, hakupiga. Mashine ikasoma vizuri kabisa. Msusi akaganda. Kumbe anayeniua ni huyu, akawaza.

"Tuachane," alimwambia jioni ile.

"Nimekosa nini, mpenzi?"

"Ukinipigia, presha inapanda. Nakupenda, lakini nataka kuishi."

Akakata simu, akalia. Kasuku naye aliona hicho ni kisingizio tu, yupo mwanaume mwingine. Aliumia, simu za watu zikabaki zimefumuliwa mezani.

Kliniki, nesi alimwambia msusi aonyeshe anavyopima. Msusi akafunga mkanda huku akimsimulia masaibu yake yote.

"Nyamaza kwanza, mdogo wangu. Na nyumbani unapima ukiongea hivi?"

"Na mpenzi wangu, kwenye simu."

"Makubwa!" Nesi akashika kiuno. "Ukiongea inapanda. Kaa utulie kwanza, egemea kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Usiongee, usiongeleshwe. Na vidonge usiache."

Msusi alitoka nje mbiombio, akapiga simu. "Njoo nyumbani. Ila ukiingia, usiseme neno!"

Kasuku akaja, akaketi mbele yake. Mashine ikavuma. Na Kasuku, jamani, alinyamaza! Jasho likimtiririka, macho hayabanduki usoni kwa msusi. Mkanda ulipombana, msusi aliisikia damu yake ikigonga mkononi, damu ileile aliyoiogopa tangu msiba wa mama. Ilikuwa ikigonga tangu yuko tumboni, akiwa usingizini, akiwa anasuka, bila kuombwa na mtu. Mwili ukamsisimka. Ajabu gani hii, binadamu kubeba kitu kama hiki kifuani na kwenda nacho sokoni!

Mkanda ukalegea. Mia na ishirini na sita kwa themanini, na mwanaume mwenyewe kakaa palepale.

"Hukuwa wewe," msusi akanong'ona, machozi yakimdondoka. "Mpenzi wangu, hukuwa wewe! Haya, sema sasa."

Kasuku akaushika mkono wake wenye mkanda.

"Utakubali nikuoe?"

"Nakubali," akasema msusi, akaisukuma mashine mbali. Hakutaka kujua saa hiyo ingesoma ngapi.