Daraja la Abdulhalim

Maji yaliitupa maiti ufukweni Wiyoni, na samaki walikuwa wameshaumaliza uso. Inspekta Madi aliipeleka chumba cha maiti, mjini Amu, akatangaza mwenye kupotelewa na mtu aje kuitazama.

Alikuja Bi Alawiya. Mumewe, Abdulhalim, alisafiri kwenda Mukalla, Arabuni, mwaka 1948, na kwa miaka sita hakuleta hata salamu. Aliomba aachwe peke yake na maiti asome Yasini. Alipotoka alieleza kuwa mumewe alikuwa na daraja la meno, meno matatu ya bandia yaliyoungana, aliyowekewa Mombasa. Akasema watazame kinywani.

Lilikuwemo. Madi alifurahi, maana maiti asiye na jina alimkera kuliko wezi kumi. Dresa Jeilani, mfunga vidonda wa hospitali, hakufurahi. Alilishika kwa vidole viwili, likatoka.

"Limebandikwa kwa nta," alisema. "Daraja huvishwa juu ya meno mawili ya kando ya pengo, nayo huchongwa kwanza yawe membamba. Huyu pengo analo, lakini meno ya kando hayajaguswa."

Madi alimwita Alawiya kituoni, akamkumbusha kuwa kuwadanganya polisi ni kosa la jela.

"Daraja ulilipata wapi?"

"Lilimtoka siku ya safari. Akaniwachia nilitunze."

"Mbona ukamtia mtu usiyemjua?"

"Kadhi ataka ushahidi wa kifo ndipo nikae eda. Nimekwenda mara tatu. Mume sina, na kuolewa siwezi. Ndia zote zimefungwa, bwana. Kama hayafa, nambia yuwapi."

Madi alimwonea huruma, tena sana. Fomu ya kifo ilikuwa mbele yake. Jina moja tu, na mwanamke huyu angekuwa huru. Alijiona naye kabanwa, sheria huku, machozi ya mtu kule. Akaiweka kalamu chini.

"Nikiandika Abdulhalim," alisema taratibu, "mke wa maiti huyu atakwenda kwa kadhi wake mara ngapi?"

Alawiya alilia, kilio ambacho kwa miaka sita hakujua amlilie nani. Alipotulia alijipangusa kwa pembe ya buibui.

"Andika hajulikani," alisema. "Mwenzangu na aje amtambue, akae eda yake."