Kioo cha Jikoni kwa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kukagua kioo cha jikoni. Hakikuwa kioo cha kujitazamia. Kilikuwa kipande chembamba, kirefu kama kidole, kilichobandikwa juu ya ufa wa ukuta. Mpima ardhi wa mgodi ndiye aliyekibandika. Chini ya mtaa wao makaa ya mawe yalichimbwa tangu zamani, na mashimo yaliyoachwa huko yalikuwa yakibonyea taratibu, ardhi ya juu nayo ikititia.

"Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hiki kitapasuka," mpima alikuwa amewaeleza. "Kikipasuka, niambieni siku hiyo hiyo."

Jina la Chiriku msichana huyu alipewa na Bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza akila, akifua, hata akipiga mswaki. Bibi alidai kwamba redio yao iliharibika kwa wivu.

Asubuhi moja Chiriku aliinama kukagua, akakuta kioo kimekatika katikati.

Alimkumbuka rafiki yake wa nyumba ya pembeni. Miaka michache nyuma nyumba yao ilipasuka, wakahamishiwa mbali, na hawakuonana tena. Na Bibi je? Nyumba hii aliijenga na marehemu Babu kwa mikono yao. Akiambiwa aihame, si ataugua kwa huzuni?

Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na fremu ya picha iliyovunjika kioo. Chiriku alichagua kipande kilicholingana, akakibandika juu ya ufa kwa gundi ya shule, na kile cha mpima akakitupa shimo la taka. Kisha akaketi kunywa chai kimya.

"Makubwa haya! Leo chiriku kameza ulimi?" Bibi aliuliza.

"Kichwa kinaniuma, Bibi."

Siku chache baadaye mpima alipita. Alikuwa mama mchangamfu, buti zake zimejaa vumbi. Alimwamkia Bibi, akamulika kioo kwa tochi kutoka mlangoni.

"Kizima. Afadhali," alisema. "Basi mashine ya kujaza itaanzia mtaa wa juu. Huko vioo vimeshavunjika."

"Ya kujaza nini?" Swali lilimponyoka Chiriku.

"Mashimo, mwanangu. Tunatoboa ardhi, tunashusha bomba, tunamimina mchanga na majivu yaliyochanganywa na saruji. Vikishaganda, ardhi inatulia. Zamani hatukuwa na mashine hiyo, ndiyo maana tulihamisha watu. Siku hizi tunaziwahi nyumba, mradi tuambiwe mapema."

Kumbe Chiriku alipodhani anailinda nyumba, alikuwa ameisukuma nyuma ya foleni! Wakati huo Bibi alikuwa akiingia jikoni kumtengenezea mgeni chai. Mlango ulikwama, akausukuma kwa bega.

"Mlango huu nao umeanza kiburi," Bibi alicheka. Vipande vya plasta vilidondoka kwenye kitambaa chake cha kichwani.

"Bibi, toka huko!" Chiriku alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Kioo hicho nimekibandika mimi! Cha mpima kilipasuka, nikakificha. Niliogopa tutahamishwa."

Mpima alikigusa kioo kwa ukucha, kikabanduka. Ufa ulikuwa umepanuka kiasi cha kupitisha sarafu. Hakumgombeza. Alitoa simu akazungumza na wenzake, kisha akasaidia kuhamishia jiko barazani.

Kesho yake mashine ililetwa uani. Ilinguruma siku kadhaa, na Chiriku akawapelekea mafundi maji bila kuagizwa. Bibi hakumpigia kelele, lakini wala hakumtania, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Ardhi ilipotulia, fundi aliziba ufa, na mpima akaleta kioo kipya. Alimpa Chiriku akibandike mwenyewe. Ndipo Bibi akamwita akae karibu naye.

"Kutwa unanisimulia paka wa jirani na viatu vya mwalimu," Bibi alisema. "La kuniokoa ndilo ukalimeza! Uliona huruma, najua. Lakini baya likifichwa linakua, na likisemwa mapema watu wanapata nafasi ya kusaidia. Kuanzia leo, habari mbaya ndiyo iwe ya kwanza kutoka mdomoni mwako. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Nilikuwa nasubiri tu kelele zako zirudi."

Asubuhi iliyofuata Chiriku aliinama kukikagua kioo. "Kizima, Bibi! Ila ndoo inavuja, na kikombe chako cha maua nimekivunja mimi jana, na pale juu kuna buibui, tena ana watoto..."

Bibi aliendelea kukoroga uji, akimsikiliza mpaka mwisho.