Fimbo ya Kupimia Mugumo

Mambo haya yalianza Jumanne, tarehe kumi na tano Julai, mwaka wa 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ngendo ana hakika na hizo dakika kumi kwa sababu aliziandika mwenyewe. Kila mti uliopita mikononi mwake aliuandikia nambari, aina, unene wa shina, saa ambayo kazi ilianza, na idadi ya watu waliopanda juu. Safu hiyo ya mwisho ilikuwa na neno lilelile kila ukurasa: mmoja. Daftari la jalada la kijani lilikuwa limefika mti wa arobaini.

Mti wa arobaini na moja ulikuwa mugumo, mtini mkubwa wa porini.

Ulisimama peke yake katikati ya shamba la Bi Magdaline, mwalimu mstaafu aliyetaka kujenga nyumba za wageni huko Tetu na kuzizungushia bustani. Miti mingine yote ya mgongo ule wa kilima ilikuwa imekatwa tangu siku za baba mkwe wake. Mafundi wawili walikuwa wamekuja kabla, wakautazama, kisha wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Ngendo hakuuliza ni kwa nini. Alisomea misitu chuo kikuu miaka minne, kibali cha kaunti kilikuwa mfukoni, na shina lilikuwa limeoza upande mmoja. Kwake hayo yalitosha.

Kazi ya kupogoa na kuangusha miti, kupanda ua na kulaza nyasi kwenye nyumba mpya za watu, aliifanya na Theuri, mwana wa dada ya mamake. Theuri ndiye aliyepanda, Ngendo ndiye aliyeshika kamba. Mtu akiwa mita kumi na tano juu na msumeno wa petroli unanguruma mkononi, uhai wake uko kwa yule aliye chini, na kwa miaka minne kamba hiyo haikuwahi kumteleza Ngendo hata shibiri moja. Theuri alimwita Madam Digrii. Alimtania kwamba hata mtu akikohoa atakipima kikohozi na kukiandika. Walikuwa wamelelewa nyumba moja. Mamake Theuri alipofariki, Njoki, mamake Ngendo, alimchukua mtoto yule wa miaka saba, akampa kitanda, karo na jina la mwana.

Sasa, kupima unene wa shina kuna utaratibu wake. Unaegemeza fimbo ya mita moja na sentimita thelathini kwenye mti, usawa wa kifua cha mtu, na pale inapoishia ndipo unapozungusha utepe. Asubuhi hiyo Theuri alisema fimbo yao ya siku zote imevunjika ndani ya pikapu. Alimpa nyingine, mbichi, yenye maganda yake, na jani moja lililobaki kwenye ncha. Ngendo aliipima kabla ya kuitumia. Ilikuwa sentimita mia moja na thelathini kamili.

"Egemeza na uishike hapo," Theuri alimwambia. "Na uvae masikio."

Ngendo akavaa vile vifuniko vya kuzuia kelele. Dunia ikanyamaza. Aliishika fimbo kwa mkono mmoja, akausoma utepe, akaandika. Alipoinua macho alimwona Theuri amevua kofia, anautazama mti, midomo inacheza. Akadhani anaomba. Ilimchukua siku tatu kukumbuka jambo moja dogo.

Msumeno ulikuwa haujawashwa bado.

Mugumo ulianguka saa nane mchana, ukitoa maziwa meupe kila ulipokatwa, kama migumo yote itoavyo. Walipokuwa wakipakia, Theuri alimkumbusha asiiweke fimbo chini. Hakukuwa na haja ya kumkumbusha, kwani Ngendo hakuwahi kulaza kifaa chochote kwenye udongo. Aliibeba mapajani hadi nyumbani, walikohifadhi vyombo vya kazi, akaiegemeza ukutani kando ya mlango wa jikoni.

Mamake alikuwa amevunjika nyonga mwezi wa Machi, akatiwa chuma. Daktari alisema atembee kidogo kwa mkongojo wa chuma aliopewa, na asisimame zaidi ya robo saa. Jumatano asubuhi Ngendo alimkuta anatembea uani na fimbo ya mugumo. Mkongojo alikuwa ameutupa nyuma ya mlango. Alisema fimbo hii inamkaa mkononi vizuri, na tena ina joto. Ngendo alicheka, akaenda kazini kupanda ua.

Alirudi saa kumi alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Nyandarua kama ushukavyo Julai, na taa ya sebuleni ilikuwa haijawashwa. Mamake alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameegemea fimbo.

"Mama, keti."

"Nitakaa wapi?" mamake akanong'ona. "Huoni viti vimejaa?"

Ngendo alivihesabu viti. Sita. Vyote sita vilikuwa vitupu. Kisha akawasha taa, akavitazama tena vizuri, kwa sababu hivyo ndivyo alivyo. Mito ya viti vyote sita ilikuwa imebonyea katikati.

Alhamisi mamake alikula akiwa amesimama. Alisinzia akiwa amesimama, kidevu juu ya mikono, mikono juu ya fimbo. Ngendo alipomvuta kitandani, mamake alimsihi asimlaze juu ya wenzake. Miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na kila alipohamisha uzito, nyonga ile yenye chuma ililia kama bawaba. Ngendo alijaribu kumpokonya fimbo, akashindwa na vidole vya mama wa miaka sitini na tisa. Basi akafanya alichojua kufanya. Alichukua utepe akaipima fimbo pale pale mikononi mwa mamake.

Mia moja thelathini na tatu.

Na jani kwenye ncha lilikuwa bichi. Sasa yalikuwa mawili.

Ijumaa alikwenda Tetu kukagua kisiki, akili haiko. Bi Magdaline alimletea chai kibarazani. Alimsifu kwa kazi safi, akasema vijana wa siku hizi ni wachache wenye moyo kama wake, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Na mliwapeleka kwa mti gani?"

Ngendo aliuliza ni kina nani.

Bi Magdaline akaweka kikombe chini. Akaeleza taratibu, akimchunguza uso. Watu wa zamani walipofyeka msitu waliacha mti mmoja mkubwa, ili wale wasioonekana waliokaa katika miti mingine wapate pa kukusanyika. Mti huo haukukatwa hivi hivi. Ikibidi, mtu huegemeza fimbo juu yake, mwenzake akawaomba wahame kwa upole, kisha aliyeshika fimbo huwabeba bila kuiweka chini hadi mti mwingine. Mafundi wawili wa kwanza walikataa kuibeba. Theuri alikubali, ndiyo maana akapewa kazi.

"Aliniambia ni wewe utabeba," Bi Magdaline alisema. "Ati ulikubali mwenyewe. Ati hata utawapeleka msituni na miguu."

Chai ilipoa. Ngendo alikumbuka ule ukimya wa vifuniko masikioni, na midomo ya Theuri inayocheza.

Saa kumi na moja jioni alikuwa kwenye geti la Theuri. Theuri hakulifungua. Alisimama upande wa pili, na kwenye upenyo mwembamba wa geti Ngendo aliliona jicho lake moja tu. Alinong'ona, kwa kuwa mkewe, Beth, alikuwa jikoni.

"Singebeba mimi. Beth ako na mimba ya miezi saba. Ningewaleta hapa?"

"Kwa hivyo ukaniletea mimi."

"Wewe huamini hizi vitu. Nilifikiria haziwezi shika mtu hajui."

"Ni mama ameshikwa, Theuri. Ameegemea hiyo fimbo siku tatu, hawezi kukaa. Nyonga inaachana. Ni tata yako, dada ya mama yako."

Ngendo alisikia komeo likisogea, na kwa sekunde moja moyo wake ulimrudia, akajua ndugu yake anafungua, watakwenda pamoja, watamaliza jambo hili pamoja.

Theuri alikuwa analikaza.

"Wewe ndio ulibeba, wewe ndio utatoa," alisema. "Waombe polepole, uwapeleke msituni, usiiweke chini. Na kesho saa mbili tuko na ule mkaratusi karibu na soko. Usisahau kamba."

Usisahau kamba. Alirudi nyumbani na maneno hayo mawili.

Jumamosi alfajiri alipiga magoti mbele ya mamake. Macho ya mama yalikuwa wazi lakini hayakumtazama yeye. Ngendo aliweka mkono wake juu ya ile mikono miwili, akaomba kama alivyoelezwa. Tokeni hapa. Huyu ni mgonjwa. Nitawapeleka kwenye makao mengine.

"Ni makubwa?" mamake aliuliza. Midomo ilikuwa yake. Sauti hapana.

"Ni makubwa."

Vidole vikaachia. Kimoja. Kimoja. Kimoja. Kama vinavyofunguliwa na mtu mwingine. Mamake akaporomoka kitini, akafumba macho, akakoroma kama mtoto. Fimbo ilibaki mikononi mwa Ngendo, na ilikuwa nzito kuliko msumeno.

Akatoka, kamba begani, daftari mfukoni. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona ua wa jirani. Alitembea. Nyuma yake, kwenye barabara ya mchanga, nyayo zilitembea pia. Hakugeuka. Alipoharakisha, nyayo zile ziliharakisha. Zilikuwa nyingi, na hakuna iliyovaa viatu.

Alifika njia panda. Kulia ni msituni, mwendo wa dakika arobaini. Kushoto ni sokoni.

Alisimama hapo dakika tatu. Nyayo nazo zilisimama. Zilingoja kwa adabu.

Akapinda kushoto.

Theuri alikuwa tayari chini ya mkaratusi, amevaa mshipi wa kupandia na vyuma vya miguuni. Alipomwona alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeondokewa na deni la moyo. Hakuuliza habari za mamake.

"Madam Digrii. Nilijua utakuja."

Hakuitazama fimbo. Kwa nini aitazame? Kwa miaka minne alikuwa amemwona Ngendo akija kazini na fimbo, akiegemeza fimbo, akiandika. Alifunga kamba mshipini, akampa Ngendo ncha nyingine bila kukagua fundo, kama siku zote, akaanza kupanda. Mita mbili. Mita tano. Mita nane. Hapo ukungu ulimfunika kuanzia kiunoni kwenda juu, akabaki miguu na sauti. Alijiweka sawa kwenye tawi la kwanza, akainama chini ya ukungu kumtazama Ngendo.

"Theuri," Ngendo alisema. "Vaa masikio."

Akavaa. Akamwonyesha kidole gumba.

Ngendo aliegemeza fimbo kwenye shina, usawa wa kifua. Akavua kofia. Akasema yale maneno polepole, akiyatamka moja moja, bila kuruka hata moja.

Alipoinua macho, Theuri alikuwa bado ameinama, anaitazama midomo yake. Msumeno ulining'inia kiunoni mwake. Ulikuwa haujawashwa.

Mkono wa Theuri ulikwenda masikioni taratibu. Kifuniko kimoja kikatoka.

"Ngendo," akanong'ona kutoka juu. "Unaongea na nani?"

Kamba ilikuwa imeanza kubadilika mikononi mwa Ngendo. Uzito wa Theuri aliujua kama jina lake, kilo sabini na mbili. Sasa kamba ilivuta kama ya watu wawili. Kisha wanne. Matawi ya juu, ambako hapakuwa na upepo, yaliinama moja baada ya jingine, kama viti vinavyokaliwa.

"Ngendo. Nishushe. Tafadhali, dada yangu."

Alikuwa hajamwita dada tangu wawe watu wazima.

Ngendo hakuachia kamba. Hakuwa mtu wa kumwangusha mtu. Aliizungusha kwenye kisiki kilichokuwa kando, akafunga fundo, akalikagua mara mbili, akalivuta kwa uzito wake wote. Lilishika. Aliporudi kuichukua fimbo hakuikuta. Mahali ilipoegemea, usawa wa kifua kabisa, ganda la mkaratusi lilikuwa linatoa maziwa meupe. Aliyagusa. Yalikuwa na joto. Mkaratusi hauna maziwa. Hilo hakuhitaji chuo kikuu kulijua.

Akatoa daftari. Nambari: arobaini na mbili. Aina: mkaratusi. Saa: mbili na dakika ishirini asubuhi. Alizungusha utepe, akaandika na unene wa shina. Kisha akafika kwenye safu ya mwisho, ile ya idadi ya watu walio juu, akainua uso kutazama kwenye ukungu, na kalamu ikasimama.

Aliiacha safu hiyo wazi. Akafunga daftari, akaenda nyumbani kumpikia mamake uji.