Doa Limetoka, Kitambaa Je?

Baba yangu alikuwa dobi. Mtaa mzima ulitembea umevaa kazi ya mkono wake. Nikitoka shule nilimkuta mezani, pasi ya mkaa mkononi, akinyunyizia nguo maji na kuwasema wateja: huyu kakalia lami, yule kajifutia wino kwenye kola. Jamani, harufu ile ya nguo mbichi chini ya pasi naikumbuka hadi leo.

Asubuhi moja pasi ilimponyoka. Mdomo ukapinda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakamtoka ovyo ovyo. Mama hakusema apumzike kwanza. Alimkimbiza hospitali saa ileile.

Kilikuwa kiharusi. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa ubongo. Baba aliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, na pichani tukaona doa jeupe, jeupe kweli. Alirudi nyumbani na vidonge vya kila siku na mazoezi ya mkono. Kila asubuhi alikamua kitambaa kwenye beseni, mara hamsini, huku akinung'unika.

Baada ya mwezi alipigwa picha nyingine. Lile doa halikuwepo. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Alikuwa ametoa madoa ya watu miaka arobaini, nani angembishia?

"Doa likitoka, kazi imekwisha," alituambia.

Vidonge akavifungia kabatini. Beseni akalipindua juu chini. Nami, mjinga wa watu, nikafurahi pamoja naye.

Mama hakuridhika. Wiki ileile alimrudisha hospitali, baba akilalamika njia nzima kwamba anapotezewa muda. Mtaalamu wa picha, mama mmoja mpole, aliziweka picha zote mbili kwenye kioo cha kompyuta.

"Mzee wangu, picha hii hufuatilia maji yanavyotembea ndani ya ubongo," alisema. "Mshipa ulipoziba, seli za pale zilikosa damu, zikavimba, maji yakakwama. Ndiyo weupe ule. Sasa maji yanatembea tena, kwa hiyo weupe umefifia. Maana yake jeraha si jipya tena. Haimaanishi kwamba limepona."

Akafungua picha ya aina nyingine, ya siku ileile. Mahali palepale palikuwa na alama ya jeraha. Baba alikiinamia kioo.

"Kumbe doa limetoka," alisema polepole, "lakini kitambaa pale kimeliwa."

"Pale, ndiyo. Ila pembeni yake bado ni kizima, na kinaweza kujifunza kazi ya mkono. Mazoezi ndiyo yanayokifundisha. Na vidonge vinasaidia kuzuia mshipa mwingine usizibe. Ukiviacha, kiharusi kinaweza kurudi."

Sikuwahi kumwona baba akiogopa hadi siku ile. Aliniambia nimkumbushe vidonge vyake kila asubuhi, hata akinifokea.

Alinifokea sana, mzee yule. Lakini alivimeza, na beseni likarudi mahali pake.

Mwaka uliofuata nilipata kazi. Siku ya kwanza nilimkuta baba mezani, pasi iko mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia. Alikuwa ananyooshea blauzi yangu. Mkunjo wa mkono wa blauzi ulikuwa umepinda, na mama akanyoosha mkono aichukue airudie.

Nilimwahi. Niliivaa hivyohivyo, na nikaenda nayo kazini.