Ndama wa Mama Chereko

"Huyu jogoo anawika saa nne asubuhi," alisema mbuzi, "halafu analilaumu jua kwamba limewahi!"

Mafundi wa taa walicheka mpaka mmoja wao akashika ngazi asianguke. Mbuzi mwenyewe hakucheka. Alisimama katikati ya uwanja wa kupigia picha akitafuna hewa, na shingoni mwake ukanda mwembamba wa rangi ya fedha ukimetameta.

Ukanda ule uliitwa kinenishi. Ulisoma mtetemo wa koo la mnyama na cheche ndogo za umeme zinazopita ubongoni mwake, kisha ukatafuta neno la kibinadamu lililo karibu navyo. Lakini Mungu hakuwapa wanyama maneno mengi, na pengine alijua alifanyalo. Mbuzi akinena kwa kinenishi kitupu husema, "Njaa. Kelele. Njaa." Ni mzazi gani atakayewaleta watoto wake ukumbini kusikiliza hayo? Kwa hiyo palikuwa na mtambo wa pili, kichekeshi, ukubwa wake kama cherehani, uliolichukua lile neno kavu na kulivika mzaha. Haukulifuta neno la asili, ulilifunika tu, kama kitambaa kinavyofunika meza yenye madoa. Hivyo ndivyo zilivyotoka filamu za Shamba la Vicheko, chini ya mlima Rungwe, na kuanzia hapo hadi Mbeya hakukuwa na nyumba isiyozijua. Jumamosi jioni familia nzima huketi, babu na wajukuu, kumsikiliza bata akigombana na mkwewe.

Subilaga alikuwa fundi wa sauti. Kibanda chake cha kioo kilikuwa pembeni ya uwanja, na kutwa alivaa visikizi viwili. Sikio la kulia lilipokea neno la mnyama kama lilivyotoka. La kushoto lilipokea mzaha. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha viwili hivyo vinakwenda pamoja na midomo ya mnyama. Mtu huzoea kila kitu. Alikuwa amejifunza kusikiliza kwa sikio la kushoto tu, na la kulia akaliacha liwe kama mvua ya mabatini, ipo lakini huihesabu.

Mnyama aliyeshiba na kutulia hasemi kitu. Hilo waligundua tangu filamu ya kwanza. Ukimvika kinenishi ng'ombe aliyelala kivulini na ndama wake, utapata pumzi tu. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha kila mnyama huondolewa kitu kidogo. Mbuzi hunyimwa kifungua kinywa. Bata hufunikiwa dimbwi lao. Ng'ombe hutengwa na ndama. Pale shambani kazi hiyo waliiita kuamsha maneno, na jioni kila mmoja hurudishiwa chake. Subilaga hakuona ubaya. Hata bibi yake alikuwa akimfunga ndama kando usiku ili asubuhi apate maziwa.

Siku hiyo, lakini, hakuweza kutulia. Alikaa, akasimama, akavua visikizi, akavivaa tena. Filamu ya Arusi ya Zizini ilikuwa imebakiza onyesho la mwisho, na bado aliambiwa kesho, kesho. Alikuwa amemwahidi binti yake, Tusekile, kwamba atarudi nyumbani Jumapili. Jumapili ile ilipita. Akaahidi nyingine, nayo ikapita.

"Bwana Rwekaza," alimwambia mwongozaji alipopita karibu na kibanda, "leo tunamaliza?"

Rwekaza alikuwa mtu wa Bukoba, mnene, mchangamfu, aliyetembea kama anayefuatwa na ngoma. "Tunamaliza Mama Chereko akimaliza, mama. Umemsikia huyo ng'ombe? Amepamba moto! Tangu Jumatatu anatema maneno utafikiri mshenga. Ukimkatiza sasa utakuwa umezima jiko kabla wali haujaiva."

"Tangu Jumatatu? Ndama hajarudishwa jioni?"

"Akirudishwa atanyamaza. Unajua hilo kuliko mimi."

"Wazee walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe."

"Huyo ni kuku, mama. Huyu ni ng'ombe, na hakuna aliyemrushia jiwe. Kaa kwenye mashine zako."

Akaenda zake. Taa zikawaka. Mama Chereko akaingizwa uwanjani na Nsajigwa, mtunza wanyama, aliyekuwa akimvuta kwa kamba huku akimpigapiga shingoni. Ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Kiwele kilikuwa kimevimba ijapokuwa mashine ilimkamua asubuhi. Aligeuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

Kwenye sikio la kushoto sauti nzito ya mama wa makamo ikasema, "Aliniambia anakwenda kunywa maji mtoni, atarudi sasa hivi. Labda mto wenyewe umeota miguu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Rwekaza alijipiga mapajani. Subilaga naye alitabasamu, kwa mazoea, huku akisogeza kitufe ili neno "miguu" lilingane na mdomo.

Saa ya chakula ilipofika alikimbilia chumba cha salamu. Pale shambani mtu hakuruhusiwa kuzungumza na nyumbani moja kwa moja, maana mawimbi yalivuruga vinenishi, bali mara moja kwa siku salamu zilizorekodiwa ziliingia, na mtu akajibu. Kila mfanyakazi alipewa na shamba, bure, kijisanduku cha kuweka nyumbani kilichoitwa Salamu Njema. Waliambiwa kinasafisha mikwaruzo ya salamu zinazopita humo. Tusekile alikuwa na miaka minane, baba yake alifariki yeye angali mchanga, na nyumbani Mbeya alilelewa na yaya wa chuma aliyepika vizuri, aliyemwogesha mtoto vizuri, aliyefunga mlango kwa wakati.

Lakini maneno aliyokuwa nayo mtoto huyo! Subilaga alikuwa akiwasikilizisha wenzake. Nsajigwa hata alizoea kuja na sahani yake kukaa karibu.

"Haya, dada," alisema siku hiyo akiketi, "tusikie redio ya Mbeya leo inasemaje."

Subilaga akabonyeza. Sauti nyembamba ikajaa chumbani.

"Mama, shikamoo! Ulisema unakuja Jumapili. Nimeitafuta hiyo Jumapili mpaka uvunguni. Labda imeota miguu!"

Nsajigwa alicheka mpaka akapaliwa na ndizi. "Mtoto huyu! Dada, huyu ukimleta hapa ng'ombe wote watakosa kazi!"

Subilaga alicheka pia. Kicheko chake kilitoka, kikafika katikati, kikakwama. Alibonyeza tena. *Labda imeota miguu.* Akabonyeza mara ya tatu.

"Nsajigwa, asubuhi Mama Chereko alisema nini?"

"Si kwamba mto umeota miguu?" Nsajigwa aliendelea kucheka kidogo, kisha akaacha. Alitazama sahani yake. "Watoto wanaangalia filamu, dada. Wanaiga."

"Filamu hii haijatoka."

Hakumaliza chakula. Aliichukua ile salamu mpaka kibandani, akafunga mlango, akaipitisha kwenye mashine yake kama ambavyo angepitisha sauti ya mbuzi. Waya ulikataa kuingia mahali pake. Alisema, "Ee Bwana, nisamehe nikiwa namdhania mtu uongo," na waya ukaingia. Sikio la kushoto likacheza mzaha. Akalizima. Likabaki la kulia, lile alilolizoeza kutosikia.

"Shikamoo mama." Ilikuwa sauti ileile ya Tusekile, ila taratibu, kama mtu anayesoma ubao wa mbali. "Jumapili ilipita. Nilikaa mlangoni mpaka yaya akafunga. Ninalala na kanga yako lakini haina tena harufu yako. Nilikuambia jana. Na juzi nilikuambia. Mama, kwa nini kila nikikuambia unacheka?"

Subilaga alivua visikizi akaviweka mezani polepole, kana kwamba vingeamka.

Ilikuwa kweli. Kila siku alikuwa amejibu, na kila siku jibu lake lilianza na kicheko. *Hahaa, mwanangu, umenivunja mbavu! Endelea hivyohivyo!* Alikuwa amewaambia wenzake kwamba mtoto mwenye maneno hana shida, na alisema hayo akiwa ndiye mtu pekee pale shambani ambaye kazi yake ilikuwa kujua kwamba aliyeshiba na kutulia hasemi kitu.

Alitoka. Uwanjani taa zilikuwa zimewashwa tena kwa onyesho la mwisho, na Rwekaza alikuwa akipiga makofi kuwakusanya watu. Subilaga akampita.

"Mama! Unakwenda wapi? Tunaanza!"

"Ndama yuko wapi?" Hakumwuliza yeye. Alimwuliza Nsajigwa.

Nsajigwa aliangalia viatu vyake. "Banda la nyuma, dada. Kwenye chupa za kunyonyeshea. Bwana mkubwa kasema mpaka kesho."

Banda la nyuma lilikuwa safi kuliko nyumba ya mtu. Mkono wa mashine ulikuwa umeshika chupa yenye maziwa ya joto sawasawa, na ndama amesimama mbali nayo, pua yake imeelekea ukutani, upande ule uliko uwanja. Subilaga akafungua komeo. Hakuhitaji kamba. Ndama alimpita mbio hata akampamia goti.

Mama Chereko alikuwa akisema jambo kuhusu bwana arusi aliyepotelea kwenye soksi. Katikati ya neno, sauti ikakatika. Ndama aliingia chini yake akagonga kiwele kwa kichwa, mara moja, mara mbili, na mkia ukaanza kucheza. Ng'ombe akageuza shingo akamlamba mgongo. Katika vipaza sauti vyote vya uwanja kukabaki pumzi tu, ndefu, inayoingia na kutoka.

"Hasemi!" alipiga kelele Rwekaza. "Fundi! Kinenishi kimekufa!"

"Hakijafa," alisema Subilaga. "Hana la kusema."

"Sasa mimi nifunge filamu kwa pumzi? Watoto wa nchi nzima wanasubiri!" Alimsogelea, na sauti yake ikashuka, ikawa karibu ya kusihi. "Mama, watu wanachoka kutwa nzima. Wanarudi nyumbani hawana nguvu hata ya kugombana. Sisi tunawapa kicheko. Ni dhambi hiyo?"

"Kicheko si dhambi. Lakini mbona mlikiweka ndani ya kijisanduku cha nyumbani kwangu?"

Rwekaza aliutazama ule mtambo wa kichekeshi. Subilaga akajua kwamba alijua.

"Tulifikiri tunawasaidia," alisema hatimaye. "Mzazi akisikia mtoto analia, anaacha kazi."

"Ndiyo," alisema Subilaga, "anaacha." Akavua kitambulisho cha shamba shingoni, akakiweka juu ya kichekeshi. Alipofika getini alisikia nyuma yake Nsajigwa akisema, "Ndaga, dada," asante ya kikwao, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na mwingine.

Treni ya sumaku ilipanda kuelekea Mbeya bila kelele, na hiyo ilimtesa zaidi. Alitamani kitu kingurume. Ukungu ulipita dirishani, migomba ikapita, viti mbele yake vilijaa watoto wakitazama bata wa kwenye kioo akimtukana mkwewe, nao wakichekacheka. Subilaga alijikuta akimtegea sikio yule bata. Chini ya mzaha alitafuta neno lake. Maji, bila shaka. Maji, maji.

Alipanda ngazi za nyumbani akiwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi. Yaya wa chuma alifungua mlango. "Karibu, Mama Tusekile. Mtoto amekula, ameoga, na amefurahi."

"Nani kakuambia amefurahi?"

Subilaga akampita, akachomoa kile kijisanduku ukutani, waya na vyote, akakitupa nje kwenye pipa.

Tusekile alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kanga imemfunika mabega na kuburuzika sakafuni. Alimtazama mama yake. Hakukimbia. Hakusema neno.

Subilaga akapiga magoti. Ukimya wa Mama Chereko aliuelewa, maana aliona mkia wa ndama ukicheza. Huu hakujua ni ukimya gani. Unaweza kuwa wa mtoto aliyetulia. Unaweza pia kuwa wa mtoto aliyesema mpaka akachoka, akaona hakuna faida. Kulikuwa na ukanda wa kumsomea mbuzi, lakini wa jambo hili hakuna aliyeutengeneza, na hata ungekuwepo asingemvika mtoto wake shingoni. Akangoja. Goti alilopamiwa na ndama lilimuuma. Akaendelea kungoja.

"Mama," alisema Tusekile mwishowe.

"Naam, mwanangu."

"Nikikuambia, usicheke."

"Sicheki."

Mtoto alimkagua uso kwa muda, jicho moja na kisha jingine, kama mtu anayeangalia maji kabla ya kukanyaga. Kisha akasogea, akakaa sakafuni palepale mlangoni, akaanza kumwambia tangu ile Jumapili ya kwanza.